Skrini Zisiende Mambasa

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano

Taarifa ya saa moja asubuhi imesomwa. Mvua. Barabara ya Mongbwalu imekatika tena, malori yamelala njiani. Nimekosea jina la mtu hewani, mara ya tatu mwaka huu. Si uchovu. Ni macho. Kioo cha kompyuta yangu ya zamani hakinitoshi tena, hata na miwani.

Saa nne tumefungua masanduku ya msaada. Skrini kubwa tano, na doki tano. Doki ni kisanduku: unachomeka waya wake mmoja kwenye kompyuta, na skrini na kibodi vinaamka pamoja. Ila waya huo una kichwa cha kisasa, kidogo, chembamba, na kompyuta zetu tano hazina tundu lake. Ni za zamani mno. Nilifurahi kwa dakika tano.

Jumanne, tarehe 6

Papa Anselme, mkurugenzi wetu, ametoa neno. Uzinduzi ni tarehe 19. Vifaa visipowaka siku hiyo, vitakwenda kwa redio ya ndugu zetu wa Mambasa, wenye kompyuta mpya. Halafu, akitazama dirisha: "Na weye, Doyenne, tutakutafutia mutu wa kufanya montage."

Doyenne ni mimi, mkongwe wa chumba cha habari. Montage ni kukata na kupanga sauti za taarifa. Nimeifanya miaka ishirini na miwili. Nimejibu kwamba nimesikia. Nilikasirika mpaka saa sita, kisha nikala.

Alhamisi, tarehe 8

Nimekwenda Bigo, kambi ya waliokimbia vita, kwa Jeanne, fundi wa simu na kompyuta. Kwao Djugu alikuwa na duka. Hapa ana meza chini ya bati, na mikono ni ile ile. Nilimwonyesha waya niliokuta sokoni. Ncha moja ya kisasa, ncha nyingine ya kizamani. Nilijiona mwerevu. Amecheka mpaka akaweka chini kikombe chake.

"Mama Neema, hii inaenda njia ingine! Picha iko sawa maji ya mutelemuko. Hii inatoa picha ku machini mupya, inapeleka ku skrini ya zamani. Yako inataka kupandisha."

"Utaweza kutengeneza waya wa kupandisha?"

"Nikishindwa, utanitangaza ku redio?"

"Na jina lako lote."

Amekubali.

Jumatatu, tarehe 12

Kibao cha elektroniki alichoagiza Jeanne kutoka Kampala kimefika kwa njia ya Mahagi, kimefungwa ndani ya soksi. Jeanne amenichorea waya wake nyuma ya karatasi ya taarifa yangu. Upande wa kompyuta, vichwa viwili: kimoja cha picha, kingine cha kibodi. Upande wa doki, tundu moja la kupokea kile kichwa cha kisasa. Katikati, kibao chenye chipu. Kazi yake ni kuiambia doki kwamba picha inakuja. Bila hilo, doki inakaa kama mgeni asiyekaribishwa.

Nimeuliza maswali kumi na manne. Kumi na matatu ameyajibu. La mwisho lilikuwa kama tutawahi tarehe 19.

Jumatano, tarehe 14

Jaribio la kwanza, giza. La pili, giza. Jeanne alichomoa kichwa cha doki, akakichungulia kwa lenzi, hakuona kosa, akarudisha. Picha! Akachomoa tena, akarudisha. Giza. Hapo akaelewa. Kichwa hicho kinakubali kuingia kikitazama juu au chini, lakini yeye alilehemu nyuzi za upande mmoja tu. Kufungua pande zote mbili kunataka chipu nyingine, na Kampala ni mbali.

Ametoa rangi ya kucha, nyekundu, iliyobaki baada ya harusi ya dada yake. Doa moja juu ya tundu, doa moja juu ya kichwa. Doa litazame doa. Imewaka mara kumi mfululizo. Nimehesabu.

Nimeandika jina langu kwenye skrini na kulisoma nikiwa mlangoni. Nimefurahi sana.

Jumamosi, tarehe 17

Nyaya zote tano zimekamilika. Asubuhi nimezijaribu na Jeanne, moja moja, kisha nimekwenda kuandika habari za daraja lililovunjika. Nikiwa huko, Papa Anselme ameita salongo: wageni wanakuja, kila mtu ashike ufagio. Nimerudi saa kumi. Kuta, viti, madirisha, vyote vinang'aa. Chumba kina harufu kali ya dawa. Sikuuliza ni dawa gani.

Jumatatu, tarehe 19

Nilipaswa kuuliza.

Watu wamejaa. Fundi wa redio ya Mambasa ameketi mstari wa mbele, kamba za kufungia mizigo mapajani. Pastori ameomba. Utepe wa kukata haukuwepo, kwa hiyo Papa Anselme aliamua kwamba Pastori mwenyewe atachomeka doki. Akachomeka. Giza. Mtu akakohoa. Fundi wa Mambasa akaanza kunyoosha kamba.

Nilisogea kutafuta doa jekundu. Halipo. Nikatazama nyaya nyingine nne. Safi kabisa.

Papa Anselme akaninong'oneza, kwa fahari: "Zilikuwa na rangi ya kucha, Doyenne! Mbele ya wageni! Niliitoa mimi mwenyewe, na dawa ya muke wangu ya kufuta kucha."

Jeanne alijifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Mabega yakanionyesha anacheka.

Nikasema: "Pastori, toa, pindua, rudisha."

Akapindua. Picha ikajaa skrini nzima. Vigelegele. Pastori akashika kipaza sauti: "Munaona, bandugu? Muungu naye anatupinduaka kwanza!" Akahubiri hapo hapo dakika ishirini. Fundi wa Mambasa alikunja kamba zake, akaomba sahani ya sherehe, samaki na sombe ya majani ya muhogo, akamwambia Jeanne: "Mama, umeninyima mizigo." Jeanne, aliyekuwa akipakua, akamwongezea sombe.

Papa Anselme hakutazama dirisha safari hii. Montage ni yangu.

Jumatano, tarehe 21

Jana Jeanne alikuja na sindano ya moto. Amechonga alama kwenye kila kichwa na kila tundu, ndani ya plastiki. Dawa ya kufuta kucha haitaziweza.

Leo asubuhi nimezipapasa alama kwa kidole gumba, nikachomeka. Alama juu ya alama. Skrini imewaka. Barabara ya Mongbwalu imefunguliwa, malori yanapita. Majina tisa kwenye taarifa, yote nimeyasoma sawa.

Miwani ilikuwa mkobani.