Ukurasa Mweupe wa Dagaa

Kaka Masatu,

Tangu tukuzike kwenu Butiama sijakaa vizuri na mdogo wako Magesa. Ofisi uliyonifundishia kazi tumebaki wawili, na mmoja nilimwona mwizi.

Tovuti yetu ya habari za dagaa iligoma. Si unakumbuka ilivyokuwaga? Ujumbe ukiingia kutoka mwalo mmoja, pale ufukweni boti zinaposhusha dagaa, mstari unatokea hapo hapo, kina mama wa Bunda wanajua boti zimeshusha wapi, wanawahi. Sasa wakifungua, ukurasa mweupe pee! Mpaka mialo yote ijibu, ndiyo maandishi yanamwagika kwa mkupuo, na dagaa zimeshaondoka. Nani kazibeba? Fuso la mjomba wenu!

Nikaanza kumwangalia Magesa jicho la pembeni. Mbona akipigiwa simu anatoka nje? Mbona mjomba anafika mwaloni kabla ya watu wote? Mama Bhoke, yule mteja wetu wa Kabasa, akanipigia: "Nyangeta, siku hizi mnauza habari zetu?" Jamani, aibu niliyoiona! Siku hiyo hiyo nikabadilisha nywila, Magesa asiingie tena. Maneno ya kumwambia mama yenu nilishayapanga.

Nikafungua programu nitafute alipoichelewesha. Nikailinganisha na nakala iliyo kwenye laptop yako. Hakuna alichoongeza. Kilichopungua ni zile nafasi tupu ulizokuwa unarundika baada ya kila mwalo. Nilipokuulizaga za nini, ulicheka ukasema, "Hii seva ina tabia ya Fuso, haiondoki mpaka ijae. Mzigo ukiwa mdogo, tunaijazia hewa."

Nikamuuliza Magesa, kwa ukali, nani kazifuta. Ni yeye. Siku ya kumaliza msiba, watu walipogawana nguo zako na kufagia uwanja, alikuwa amekaa na mama, hakushika ufagio. Kwa hiyo aliporudi Musoma alifagia huku. Aliona nafasi tupu nyingi kwenye kazi yako, akaziondoa, watu wasije kusema kaka yake aliacha uchafu. Na zile simu za nje? Ni mama yenu. Wanalia wote wawili, hataki nimwone. Mjomba naye siku hizi analala mwaloni, ndiyo maana anawahi.



Nafasi zako nimezirudisha, Magesa amekaa pembeni yangu anatazama. Mwalo wa kwanza ukatokea peke yake, kisha wa pili. Mama Bhoke kapiga kushukuru.

Magesa sijamwambia nilichomdhania. Ila nahisi anajua, maana nywila mpya hajaiulizia hata mara moja.

Pumzika, kaka yangu. Kesho asubuhi, kabla hatujafungua kazi, nampa nywila na kumweleza kwa nini niliibadilisha. Akikasirika akaondoka, nitamfuata mpaka Butiama, nimwombe msamaha mbele ya mama yenu.

Nyangeta