Stadi ya Nne

Jumatatu, 9 Juni

Mjomba ameniletea gari lake. Siamini bado. Miaka ishirini na sita hakuna mkono mwingine uliogusa injini ile, hata wangu mimi niliyejifunzia spana kwake. Lakini mwaka huu mkono wake wa kulia unatetemeka, nati zinamdondoka, na ekzosi inavuma mpaka mkewe anajua aweke chai lini. Gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, imeungua, basi. Kazi ya asubuhi moja.

Akaketi nje ya karakana kwenye kreti. Taratibu, mama, akasema, haraka haraka haina baraka. Nimefungua makava tu na kulowesha nati mafuta. Jioni akaondoka na ufunguo mfukoni. Gari limefunguliwa nusu, haliendi popote — ufunguo anao! Nimecheka peke yangu. Haniamini mzee huyu. Na mimi nataka aniamini kuliko ninavyotaka wateja kumi.

Jumanne, 10 Juni

Imekatika.

Stadi ya nne, ya nyuma kabisa. Kijiti cha chuma kilichozama kwenye silinda hedi, kichwa cha injini, kinachoshika manifoldi. Nati yake ilikuwa imegandana kwa kutu. Ilitakiwa nipashe moto kwanza, mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Sikupasha. Nilitaka nimalize kabla ya saa sita nimwonyeshe. Nikachomeka bomba kwenye spana ili nipate nguvu — tak. Kisiki kimebaki ndani, hakuna hata pa kushika.

Kutoka nje akauliza vipi huko. Nikasema salama. Salama! Mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Kisha nikaongeza kwamba gasketi niliyoletewa siyo, naagiza nyingine. Akaitikia haya, mama. Jioni akachukua ufunguo wake, akaenda.

Jumatano, 11 Juni

Nilikitoboa kisiki katikati kwa drili, pole pole, tundu limenyooka. Nikajisifu. Nikaingiza kile chuma cha kutolea boliti zilizokatika, chenye meno ya kinyume. Nikazungusha. Kikakatikia humo humo. Na ni kigumu kuliko drili zangu zote. Nilikuwa na tatizo moja, sasa moja limemeza jingine.

Nikikosea tena hedi inaharibika, na hedi ya gari hili haipatikani tena. Mjomba atabaki na banda la kuku lenye magurudumu.

Baba watoto kasema mwambie tu. Rahisi kwake, yeye fundi cherehani, uzi ukikatika anatunga mwingine. Akaniongezea: mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemnunia. Ana haki, ndiyo maana nimemnunia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia. Nilisimama mbele ya kreti, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Shikamoo. Marahaba. Mjomba, stadi ya nne imekatika.

Akasema anajua, tangu Jumanne. Alisikia. Miaka hamsini anasikiliza vyuma, asijue stadi inavyolia ikikatika? Alikuwa anangoja. Akaona nimenyamaza, akajiambia labda kesho.

Nilitamani ardhi ipasuke. Stadi si kitu — ni zile siku mbili alizokaa pale, akinisikiliza nikidanganya. Nimeona aibu, na nilistahili. Hakunifokea. Aliuliza tu kingine kilichozikwa humo ni nini. Nikakitaja kile chuma cha meno ya kinyume. Akacheka mpaka akakohoa. Naye aliwahi kuzika kimoja, kwenye lori, na bosi wake akamkimbiza na nyundo uani kote.

Moyo umetua. Nimekula vizuri leo. Baba watoto nimemsamehe.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi alikuja Cheche, fundi wa kuchomelea wa karakana ya pili. Akaweka nati juu ya kisiki, akachomelea ndani yake mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Ya kwanza iling'oka. Ya pili ikashika. Mjomba akaniamuru nipake mshumaa pakiwa bado pa moto. Nta ikayeyuka, ikanyweka kwenye kutu.

Kisha akalileta kreti ndani, kwa mara ya kwanza, akaketi kando ya tairi, akafumba macho. Kikilia, akasema, endelea. Kikinyamaza, rudi, maana hapo chuma kinajipinda. Basi tukaenda hivyo: mimi mkono, yeye sikio. Kidogo mbele, kidogo nyuma. Kikalia kama mlango wa zamani. Jasho likanitoka, na nikajikuta natabasamu. Saa tisa uzi mmoja wa stadi ulionekana, mweusi. Halafu mwingine, unang'aa.

Mara kikanyamaza. Kabla hajasema nilikuwa nimesharudisha. Akafumbua macho, akanitazama. Acha ipoe, akasema. Mungu anajua nilivyotaka kuendelea. Niliweka spana chini.

Kesho hatakuja, anampeleka mkewe kupima miwani. Akaniambia nipashe moto, nianze, nisimngoje. Nikasema nitasikiaje bila yeye. Utasikia, akasema, akaondoka.

Wakati wa kufagia nikauona ufunguo wa gari juu ya kreti. Nikamkimbilia mpaka kona, mjomba, umesahau. Akasema hajasahau. Akaniambia nikautundike na funguo nyingine.

Nimeutundika. Stadi bado imo, imetoka mzunguko mmoja na nusu tu.