Kitabu cha Biskuti na Mkono wa Nekesa

Busia, Alhamisi 12 Agosti 1965

Mdogo wangu Nekesa aliondoka Jumatatu ya Pasaka. Alivuka mpaka kwenda kwa shangazi Tororo, na kitabu chetu cha mapishi ya biskuti akaenda nacho. Alisema wiki mbili. Leo ni siku mia na kumi na tano.

Basi leo nimekwenda dukani kuchagua kingine. Mwenye duka akanifungulia kimoja. "Mama, hiki kina biskuti themanini, na picha za rangi."

"Picha hazipiki. Moto wake kiasi gani?"

"Digrii mia tatu hamsini."

"Mimi naoka ndani ya debe juu ya makaa, mzee. Debe halina digrii."

"Basi lipeleke hospitali lipimwe homa!"

Nikacheka, ingawa sikutaka.

Nekesa alikuwa anatia mkono ndani ya debe na kuhesabu. Moto ukimshinda akifika kumi na mbili, tunaoka biskuti za njugu. Akifika ishirini, za maziwa. Hesabu hizo aliziandika pembeni mwa kila ukurasa. Nimejaribu mwenyewe. Viganja vyangu vimeota sugu kwa jembe. Nafika ishirini moto ukiwa bado mkali, na biskuti zinaungua. Kila kitu nimejifanyia mwenyewe maisha haya, lakini hili...

Mzee ameniwekea kitabu mpaka Jumamosi saa sita mchana. Nikikinunua, nimekubali kwamba harudi. Kesho alfajiri dereva wa lori liendalo Tororo atampelekea maneno haya, hivi yalivyo: Nekesa, sitaki salamu za shangazi. Unarudi au hurudi? Nijibu kabla ya Jumamosi saa sita.