Nilikiuza Pamoja na Sauti ya Mama

Jumanne. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, nguo za mwanangu Atu hazikauki, na mimi macho yamevimba.

Leo nilikwenda Isongole kumsikiliza mama.

Nieleze kwa asiyenijua. Shule niliishia kidato cha pili. Kompyuta nilifundishwa na kaka Ambwene, halafu nikaendelea mwenyewe huku mtoto akinyonya. Sitengenezi programu nzima. Natengeneza kipande kidogo, mtu wa programu ananunua, anakipachika kwenye yake. Kinachouzika zaidi ni kile kinachosoma mzani kwa sauti, ili wazee wasioona namba vizuri wasipunjwe. Sauti niliyorekodi ni ya mama, kabla hajafariki. Anataja kilo, halafu anamalizia na "ndaga", asante ya kwetu.

Kaka husema, "Wakodishe bwana! Walipie kila mwezi kama king'amuzi, asiyelipa unamkatia." Mimi nauza moja kwa moja. Ukishanunua ni chako, mtandao uwepo usiwepo.

Basi nikimkumbuka mama huwa napanda bodaboda mpaka ghala la viazi la Isongole, ambako mzani unatumia kipande changu, nakaa juu ya gunia, namsikia akiongea na watu. Nyumbani ninayo sauti ileile, lakini inataja kilo za hewa tu. Pale walikuwa wanamjibu.

Leo mzani umeongea kama mtangazaji wa redio.

"Mama Atu, yule bibi tumemstaafisha!" msimamizi wa ghala akacheka. "Huyu wa sasa mrembo."

Mama mmoja aliyeleta viazi akamkatiza: "Mrembo wapi, hata ndaga hasemi. Hajafundwa huyo."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sikuwaambia kwamba yule bibi ni mama yangu.

Nyuma ya ghala nikampigia kijana aliyenunua kipande changu na kukiweka kwenye programu yao. Hakuwa na ubaya. "Lafudhi ilikuwa nzito, dada, wanunuzi wa mjini wakawa wanalalamika. Kwani nimekosea? Si niliinunua?"

Hakukosea. Nikamwambia hakuna shida, nikakata simu, nikalia mpaka Atu mgongoni naye akaanza.

Njia nzima nikirudi namuwaza kaka. Ningekuwa nakodisha, leo ningesema rudisha sauti ya mama au nazima. Angerudisha. Nimeutamani huo uwezo, sitadanganya. Lakini siku ningezima kweli, wale wazee wangesomewa kilo na nani?

Jioni yuleyule kijana ametuma ujumbe. Anataka kipande kingine, cha kuchapa risiti. Nimemjibu masharti yaleyale: analipa mara moja, anakata, anabadilisha, ni chake.



Isongole sidhani kama nitarudi karibuni. Kukicha watapima viazi vyao kama kawaida, na mimi nitakaa hapa na Atu, nitengeneze kitu ambacho mtu atakichukua akafanye anavyotaka. Ndivyo ninavyomlisha mjukuu wako, mama.