Mifuko Mitupu Kinuni

Alhamisi, Septemba 1984

Ni huu mdomo wangu. Niliwaambia watoto wa shule kwamba kile kinu cha zamani, ambacho niliwahi kusimamisha gurudumu lake kwa mkono mmoja, hakijawahi kuishiwa unga. Na njaa hii! Sikujua wangepeleka habari nyumbani.

Leo mwalimu aliwapeleka kukiona, mimi nikiwa wa kuwaeleza. Kila mtoto alikuja na mfuko mtupu.

"Mjomba, unga unatokea wapi?" Mwende wa dada yangu akauliza.

Nikasema kinu kimepumzika kidogo. Wenzake walikuwa wameanza kulamba vumbi kwenye mawe.

Tulipofika nyumbani, dada yangu alikuwa ameshabandika maji ya ugali. Yalikuwa yanachemka.