Gari Bila Honi

Jumanne, usiku

Limewaka! Na aliyeliwasha ni mie.

Asubuhi nilikuwa nampeleka baba mkwe kliniki ya macho, gari likagoma. Stata inazungusha vizuri, injini haiwaki. Nikazima redio, nikafungua swichi tena, nikasikiliza. Ule mlio mdogo wa pampu ya mafuta chini ya kiti cha nyuma haupo.

"Mama Neema, tuite fundi," baba akasema. "Utakuja kuliunguza."

Nilikasirika, ila woga nilikuwa nao. Kama pampu yenyewe imekufa, basi...

Nikafungua boksi la fyuzi. Rilei, kile kidude kinachoipelekea pampu umeme, inafanana kabisa na ya honi. Nikang'oa ya honi, nikaichomeka kwenye pampu. Kufungua swichi, pampu ikalia. Kupiga stata, gari likawaka.

Tukatoka Kipawa bila honi. Pale Ubungo bodaboda wakatubana. Baba akatoa kichwa dirishani: "Pisheni jamani! Honi hatuna, mkwe wangu kaihamishia kwenye pampu!"

Akarudia hivyo kila foleni. Hata pale ambapo hakuna mtu aliyetuziba njia.