Amira anangoja, ninyi mnabishania asembla

Bi Mwantum mpendwa, nisaidie, maana nimekwama na nyumbani hakuna wa kunielewa. Mimi nauza vipuri hapa Buyenzi, na mwaka jana dada yangu Amira alipigwa kooni na kipande cha guruneti sokoni, akapona lakini sauti haikurudi, na mama yetu ni kipofu, kwa hiyo Amira anaandika na mimi namsomea mama, ila mama haniamini, kwa sababu ndiye aliyemtuma sokoni siku ile na anadhani Amira amemkasirikia, kila nikisoma ananiambia, "Apana, Rachidi, hayo maneno ni yako." Basi nikapata wazo, ninayo kompyuta ya zamani, Amstrad, niliachiwa na mwalimu Mbelgiji alipokimbia vita, na tuna kaseti ya harusi ya binamu yetu ambamo Amira anasikika akimwita mama aje kula, na mashine hiyo inaweza kuchukua sauti kwenye kaseti na kuitoa kila Amira akibonyeza kitufe, lakini BASIC, lugha ya kawaida ya kompyuta hiyo, inakwenda polepole mno kwa kazi hiyo, lazima nitumie asembla, yaani programu ya kugeuza maagizo yangu kuwa lugha ya mashine yenyewe, na ninazo mbili. Moja ni ndogo, haina madoido, ila inaacha nafasi kubwa kwenye memori. Ya pili kaniletea rafiki yangu Jérémie kutoka Uvira, ina kila kitu, ila ikishaingia, nafasi ya sauti haitoshi, tena inachelewa kupanda kwenye mashine, na umeme ukikatika naanza upya. Nikishika ndogo Jérémie ananicheka kwamba ni ya watoto, nikishika kubwa kazi haiendi, nimeandika na kufuta tangu Ramadhani, na juzi Amira aliondoa kiti chake mbele ya mashine. Nichague ipi?

Rachidi, Buyenzi

Rachidi,

Pole nawatumia Amira na mama yenu. Wewe sikupi.

Umeandika kwa mkono wako kwamba asembla ya Jérémie inakula nafasi ya sauti, halafu unaniuliza uchague ipi. Hilo si swali, ni woga wa kuchekwa. Ungekuwa unauza vipuri kwa namna hiyo, mteja akitaka breki ungempa taa kwa kuwa zinang'aa. Jérémie anayo sauti ya kuchekea. Amira hana hata ya kulalamika, ndiyo maana kaondoa kiti. Kwani unataka kusifiwa na mafundi, au unataka mama asikie?

Chukua ile ndogo, leo. Ya Jérémie mrudishie kwa adabu, wala usimweleze sana. Kabla ya lolote nakili kaseti ya harusi, maana mashine za zamani hutafuna utepe na harusi ile hairudiwi. Kila ukimaliza kipande cha kazi, kihifadhi kabla umeme haujakukumbuka. Na usianze na sentensi. Tafuta pale Amira anapoita "mama", toa neno hilo moja, mengine yatangoja.

Likishatoka, usilibonyeze wewe. Mrudishie Amira kiti chake, mkalishe mama ubavuni mwake, mkono wa mama uwe juu ya mkono wa Amira, na Amira ndiye abonyeze. Wewe utoke nje, ili mama asiwe na mtu wa kumshuku.

Bi Mwantum